Kikapu cha Bibi Yeshimebet

Kila asubuhi Mjomba Getinet alitia simu janja yake mfukoni, huyo, mjini Debre Tabor sokoni. Nyumbani kilibaki kitochi kimoja, simu ndogo ya vitufe ya wanawake, ya Bibi Yeshimebet na ya Tirunesh, mke wa mjomba, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa.

Meklit, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekuja likizo kwa bibi yake kutoka Addis Ababa. Siku hiyo alipekua orodha ya namba kwenye kitochi, akacheka. Hapakuwa na jina hata moja! Nyota mbili, alama ya jumlisha, sifuri tatu.

"Masikini Bibi, kabonyeza ovyo," alijisemea, akafuta zote. Alijiona amesaidia.

Saa nne uchungu ukamshika Tirunesh.

"Meklit, mpigie nesi!" Bibi aliita. "Nyota mbili!"

Meklit aliitazama orodha tupu. Angeweza kusema simu imeharibika. Lakini kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na Tirunesh alikuwa anauma shuka kwa maumivu.

"Nimezifuta, Bibi. Hata ya mjomba. Nilidhani ni takataka. Nisamehe!"

Bibi akaangua kikapu cha nyasi ukutani. "Namba ya nesi iko hapa ukingoni, hesabu upesi. Mishono myekundu ndiyo namba. Mweusi unatenganisha. Palipo peupe ni sifuri."

Meklit alihesabu kwa kidole. Sifuri. Tisa. Moja... Zilitimia kumi! Akapiga.

"Haloo, Nesi Zenebech hapa."

Loo! Meklit akamwomba aje upesi.

Nesi alifika kwa pikipiki, na kabla ya adhuhuri mtoto wa kike akalia. Vigelegele vikasikika hadi kwa majirani.

"Bibi, lakini wewe hujui kusoma!"

"Nani kakudanganya? Nasoma nyasi. Simu ya mjomba wako huzima chaji ikiisha. Kikapu kinazima?"

Tirunesh alicheka kitandani.

"Haya, nitajie namba ya mama yako," Bibi alisema.

 Kwao Meklit hubonyeza jina tu. Namba hakuwahi kuijua.

"Umesema kweli mapema, mjukuu wangu, ndiyo maana tumewahi. Siku nyingine ukikuta kitu hukielewi, muulize mwenyewe kabla hujakirekebisha."

Kisha akageuza kikapu, akamwonyesha duara dogo katikati, mahali ususi ulipoanzia.

"Mama yako huyo. Nilimsuka wa kwanza, siku aliyohamia mjini. Hesabu."