Oili Nzito Kwenye Shokapu

Kila alipotoka shule, binti alibadili sare, akapanga trei mbili za mayai kwenye kikapu cha mbele cha baiskeli, akampelekea mwoka mikate. Mama yake alikuwa akishinda amesimama kwenye kiwanda cha nguo. Akirudi amechoka, hata kuongea kulikuwa mzigo kwake.

"Jana yamevunjika matano, leo saba," mwoka mikate alisema, akimwaga maganda. "Mimi naoka keki, mwanangu, sioki maganda. Kesho yakivunjika tena, mwambie mama nitatafuta mwingine."

"Barabara imeharibika," binti alimwambia mama jioni ile.

Mama aliendelea kujikanda miguu. "Barabara ni ile ile. Kesho ni mapumziko, twende kwa fundi."

Asubuhi fundi baiskeli aliegemea usukani kwa uzito wake wote. Shokapu za mbele, zile za kupunguza kishindo, hazikushuka. "Mama Mayai, mbona ngumu kama mti?" alimtania binti. Alipofungua kifuniko, ikatoka oili nyeusi, nzito. Akainusa kidoleni. "Hii ni ya gari. Mwezi uliopita nilizihudumia mimi. Huenda nilichanganya makopo. Samahani, mama."

"Fundi, hata wewe?" mama alisema kwa sauti iliyochoka. "Nusura nipoteze mteja."

Fundi aliinamisha kichwa. Binti akamsogelea mama yake.

"Si yeye. Ni mimi. Oili ilikuwa inavuja, nikawa naifuta kila siku. Mbele pakaanza kurukaruka kama mwanambuzi, mayai yakavunjika. Nikamimina oili ya gari la jirani. Nilikuona umechoka, mama, sikutaka kukusumbua."

 Fundi alimvutia binti kigoda.

"Tazama. Springi hupokea kishindo, kisha hukirudisha. Ikiwa peke yake, itarukaruka. Oili hulazimishwa kupita kwenye tundu dogo, hapo nguvu ya kishindo hupungua. Ikikosekana, mayai yanarushwa. Ikiwa nzito mno, haipiti upesi, kwa hiyo kishindo chote kinapanda kikapuni. Tena hizi ni fupi, zinashuka vidole vinne tu. Zikichelewa kupanda, shimo la pili barabarani linazikuta bado chini."

Akabadilisha raba iliyochakaa iliyokuwa ikivujisha oili, akapima mafuta mepesi, akayamimina. "Kandamiza."

Binti alikandamiza. Shokapu zilishuka, zikapanda taratibu, zikatulia.

Alasiri mwoka mikate aliinua mayai moja moja, asipate hata moja lenye ufa. "Haya, lete na kesho," alisema.

Njiani kurudi, binti alikokota baiskeli, mama akitembea kando yake.

"Kuchoka nimezoea," mama alisema. "Lakini leo nimemlaumu mtu asiye na kosa, naye akakubali lawama. Kosa dogo ulilificha, ukaongeza lingine juu yake. Kitu kikiharibika, niambie siku hiyo hiyo. Ukinikuta nimelala, niamshe."