Plagi Isiyokufa ya Baba Loisi

Jumamosi ilikuwa siku ya kuiogesha pikipiki, na kazi hiyo ilikuwa ya Loisi. Hakuna aliyempangia. Aliidai mwenyewe tangu alipokuwa darasa la nne, na sasa akiwa la sita alimfukuza yeyote aliyesogea na kitambaa. Alikoroga sabuni ya unga kwenye beseni, akasugua tairi mpaka matope mekundu ya njia ya Hasamba yakatiririka kuelekea kwenye mibuni. Baba yake, Hezron, alikaa kibarazani na kikombe chake cha chai ya rangi, akimtazama.

"Loisi, hiyo pikipiki inaoga kuliko wewe," alimtania.

"Mimi sibebi abiria, baba."

Hezron alikuwa dereva wa bodaboda pale Nanyala, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Pikipiki ile ndiyo iliyoleta sare za shule na mafuta ya kupikia. Loisi aliijua karibu yote. Alijua hata kusafisha plagi, kile kidude kinachotoa cheche ili petroli iwake ndani ya injini. Zamani, baba alipotumia plagi za kawaida, aliifungua mara kwa mara injini ikiwa imepoa, akaisugua kwa msasa, kisha akapima nafasi ya cheche kwa kipande cha wembe. Madereva wote wa Nanyala walifanya hivyo, na Loisi ndiye aliyemshikia baba yake spana.

Lakini plagi iliyokuwamo sasa ilikuwa ya aina nyingine. Baba aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa muuzaji mwenye maneno matamu. "Hii haifi, batata," muuzaji alimwambia, yaani "baba" kwa lugha ya huko, na baba akarudi akitamba kijiwe kizima. Alitangaza kwamba hiyo ni plagi ya kudumu, haisuguliwi wala haibadilishwi, na kwamba itazikwa pamoja na pikipiki. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Mwezi Juni mwaka 2013 baridi ya Mbozi iling'ata kwelikweli. Kila asubuhi baba alipiga kiki mpaka jasho likamtoka, ndipo pikipiki iwake. Alilaumu baridi. Loisi, ambaye alikuwa likizo, alimwonea huruma. Basi siku moja baba alipokwenda kwenye kikao cha kanisa, Loisi alichukua spana akaifungua ile plagi, ili baba akirudi akute inawaka kwa kiki moja na amsifu.

Alishangaa kuona ncha yake ni nyembamba kama sindano. Hata hivyo aliisugua kwa msasa, vile vile alivyozoea. Akachomeka wembe. Ulipwaya. Akaibonyeza ile ncha kidogo kwa kisu ili nafasi ipungue, na ncha ikapinda.

Aliifunga plagi mahali pake, akafuta alama za vidole, akaenda kuchambua maharage kwa bidii ambayo haikuwa kawaida yake.

Jioni ile pikipiki ilikohoa njia nzima ya kutoka Mlowo. Kwenye mlima ilizimika, abiria akashuka akaenda zake kwa miguu. Fundi Sunday, mwenye kibanda chake pale barabarani, aliisikiliza mikono ikiwa mfukoni.

"Inamisi, bwana Hezron," alisema. "Cheche zinarukaruka, nguvu hakuna. Hizo ni ringi za pistoni zimekwisha. Injini yote ifunguliwe."

"Au ni plagi?"

"Si ndiyo ile yako ya kudumu?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi siyo plagi."

Watu wazima wawili wakakubaliana bila hata kuigusa! Loisi alikuwa amesimama hapo hapo na ndoo ya maji kichwani. Akageuka, akaipeleka ndoo nyumbani.

Hezron hakuwa na uwezo wa kufungua injini. Alikuwa na rafiki, Mayala, mfugaji wa Kisukuma kutoka bondeni Momba, ambaye kwa muda mrefu aliitamani pikipiki ile. Hezron alimweleza waziwazi kwamba pikipiki hiyo ni mgonjwa. Mayala alisema ataichukua hivyo hivyo, naye ataleta maksai wawili wanaojua jembe.

"Na abiria utawabeba juu ya ng'ombe?" mama Loisi aliuliza.

"Nitalima, mama Loisi. Kazi ya shamba ikiisha, nitakwenda Tunduma kupakua malori. Nitakuwa narudi mwisho wa mwezi."

Loisi aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni. Ugali ulimshinda. Alimwona baba yake akiwa mbali mwezi mzima, na yote hayo kwa sababu ya msasa na kisu. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika aliogopa zaidi, kwa kuwa sasa kulikuwa na makosa mawili: kuharibu, na kunyamaza.

Jumamosi Mayala alifika na maksai wake, mmoja mwekundu na mmoja wa mabaka. Kabla hata salamu hazijaisha, yule wa mabaka alikuwa ameshakula majani ya maboga ya mama. Hezron alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Aliisukuma pikipiki mpaka katikati ya uwanja.

"Loisi, mwanangu, njoo uiogeshe mara ya mwisho. Tusimkabidhi mwenzetu matope."

Loisi alileta beseni. Aliloweka kitambaa, akakishika, akashindwa kukiinua. Machozi yalianza kudondoka.

"Baba, usimpe," alisema. "Mimi ndiye niliyeiharibu. Niliifungua plagi ulipokwenda kikaoni. Niliisugua kwa msasa, nikaibonyeza, ikapinda. Nilitaka iwake vizuri. Nisamehe, baba."

Hata Samwel, mdogo wake, aliacha kumchokoza ng'ombe. Hezron alimwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Nenda kamwite fundi Sunday."

Fundi alikuja na boksi lake la spana, akaitoa plagi na kuigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kweli imepinda. Hizi za ncha nyembamba hazipigwi msasa hata kidogo, ukiisugua umeiua." Loisi aliinamisha kichwa. Fundi alifuta masizi kwa kitambaa, akaisogeza karibu na jicho. "Lakini hebu njoo uone, Hezron. Hiki chuma cha juu yake kimelika, na hii ncha imekuwa butu. Msasa wa siku moja haufanyi hivi. Plagi hii ilichoka zamani, kabla mtoto hajaigusa. Uliifunga lini?"

Hezron alikuna kichwa. Geji ya kilomita ilikatika waya siku nyingi, kwa hiyo hakuna aliyejua pikipiki imekwenda umbali gani.

"Mimi nakumbuka," mama alisema. "Samwel alikuwa anatambaa. Sasa anaimba nyimbo za chekechea."

"Ee! Kumbe hiyo plagi imelea mtoto!" Mayala aliangua kicheko.

"Misimu mitatu ya kahawa, kila siku Vwawa, Mlowo, Tunduma," fundi alisema. "Plagi ya kudumu hukaa kuliko ya kawaida, pengine mara mbili au tatu. Kitabu cha pikipiki ndicho kinachosema ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Na kabla ya kufa hutoa habari: asubuhi inawaka kwa shida, inakunywa petroli nyingi, inachoka mlimani, mwisho inakohoa. Zote ulikuwa nazo." Alisita kidogo. "Na mimi nilikimbilia ringi bila kufungua hata plagi. Hapo nimekosea, ndugu yangu."

Alitoa plagi mpya kwenye boksi lake, akaifunga. Hezron alipanda, akapiga kiki.

Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Injini ilinguruma sawasawa, bila kikohozi, na maksai wakarudi nyuma kwa woga. Mama alipiga vigelegele. Hezron alicheka sana, na safari hii kicheko kilifika machoni mpaka akayafuta. Kisha akamkumbuka mgeni wake, akazima injini kwa aibu.

"Mayala, tulishakubaliana..."

"Acha, bwana!" Mayala alisema. "Nichukue mali ya mtu aliyerudishiwa riziki yake? Tena nikwambie ukweli, huyu wa mabaka nimemkuza mwenyewe. Njia nzima nilikuwa namwonea uchungu, ila nilishatoa neno. Leteni chakula, nile nirudi na ng'ombe zangu."

Walikula pamoja, na Loisi akamaliza sahani yake kwa mara ya kwanza wiki ile. Mgeni alipoondoka, baba alimwita.

"Nilisema plagi ile haisuguliwi, ukaisugua. Hilo ni kosa lako. Kunyamaza ni kosa kubwa zaidi, maana kidogo tupoteze pikipiki nzima kwa kitu kinachoenea kiganjani. Ukiharibu, sema siku ile ile, hata kama unatetemeka. Leo umesema mbele ya mgeni, na umeiokoa nyumba yetu." Aliitoa plagi iliyochoka mfukoni. "Na mimi nina langu. Niliambiwa kitu hakifi, nikaacha kukiangalia. Kitu cha kudumu nacho kina siku yake ya kubadilishwa, na mwenye mali ndiye wa kuijua siku hiyo. Kesho nafunga waya mpya wa geji. Kazi ya kunisomea kilomita ni yako."

Loisi aliitika, moyo ukiwa mwepesi. Pale uwanjani beseni lilikuwa bado na maji, povu likiwa limeisha. Aliongeza sabuni, akakunja mikono ya sweta lake, akaanza kuiogesha pikipiki yao.