Ufagio Nyuma ya Seva

Haya yalimkuta rafiki yangu Fanueli, fundi anayejisifu kwamba hapa Lushoto hata kompyuta humpa shikamoo. Seva, kompyuta kuu ya ushirika wa mboga, ilizimika kwa uzembe wake. Logi, yale mafaili yanayoandika kila anayefungua tovuti, zilijaza diski, maana hakuzipanga zizungushwe, mpya ifunguliwe na kuukuu ifutwe. Kwa aibu akamsingizia mfanya usafi, Bi Saumu, kwamba ufagio wake ulichomoa waya. Bi Saumu akafukuzwa kazi.

Jumapili mchana ukungu ulitia giza, Fanueli akaingia ofisini na viatu vya matope, akajifungia kuzifuta logi kimyakimya. Mara umeme ukakatika. Nyuma ya seva akasikia: fya, fya, fya.

Dhamiri ikamsuta, akampigia simu Bi Saumu, ambaye alikuwa mbali, kijijini kwao Bungu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Leo umenikumbuka?”

“Nilitaka…” Akaghairi kuungama. “Nakusalimu tu.”

“Haya. Kumbe mmeshaajiri mwingine? Namsikia anafagia.”

Fanueli akawasha tochi ya simu. Mlango ulikuwa bado umekomewa kwa ndani. Nyayo zake za matope zilikuwa zimefagiwa zote, kutoka mlangoni hadi kwenye visigino vyake.