Bunduki ya Godefroid

Haya yalimpata kaka yangu Zakari, hapa hapa mtaani kwetu Katuba. Asiyeamini aje amtazame jicho. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nakaanga samaki nyuma ya meza yake ya kazi.

Zakari hutengeneza bunduki za uwindaji na kuzikadiria bei, hasa zile kuukuu za Amerika, za mitutu miwili, ambazo Bwana Laurent wa mjini huzikusanya na kuzipanga ukutani. Hana haraka ya kutaja bei. Kwanza hutafuta nambari iliyogongwa mahali patatu: chini ya mitutu, kwenye chuma cha kati, na ndani ya ubao wa mbele. Zikifanana, bunduki ni kamili, haikuungwa kwa vipande vya nyingine. Kisha huifungua mitutu, akaielekeza dirishani na kuchungulia kwa jicho la kulia kama kuna kutu. Jicho hilo ndilo lililotulisha tangu baba afe.

Akaingia Mama Germaine, mjane wa Godefroid, mwindaji aliyetoka Pweto. Bunduki ilikuwa imeviringishwa kwenye kitenge, naye akaifunua kwa kuvuta ncha za nguo, asiguse chuma hata kidogo. Nilimtilia shaka hapo hapo. Mjane gani anaogopa mali yake mwenyewe?

Sisi ni Waislamu wa Maniema, lakini ukiishi na watu unazijua mila zao. Kwa kina Godefroid, bunduki ya mwindaji haiuzwi kabla ukoo haujamtaja mpyani, yule anayerithi jina la marehemu na vitu vyake. Zakari akauliza kwanza, kama inavyopasa.

"Mupyani iko?"

"Iko," Mama Germaine akasema kwa sauti ya chini. "Njo Ephraïm, shemeji yangu. Njo alinituma kwako."

Mpyani akiwa Ephraïm, Zakari akaridhika. Mimi sikuridhika, ila nani humsikiliza dada mwenye mwiko mkononi?

Nambari zilifanana: 4417, mahali pote patatu. Uso wa kaka uling'aa. Akafungua bati la kitako, akakuta tundu kwenye mbao, na ndani yake kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa nywele. Dawa ya mwindaji. Akasita.

Mama Germaine alikuwa ameshafika mlangoni, kinyumenyume.

"Tosha, tata," akamhimiza kaka akitoe. "Tosha na mukono yako. Bwana Laurent hatapenda bile bintu."

Kwa nini aseme mkono? Nilitaka kuuliza. Kaka alikuwa ameshakitoa.

Akainua mitutu. Wa kushoto ulikuwa safi. Akahamia wa kulia. 

"Djamila," akanong'ona, bila kugeuka. "Toka pa dirisha."

Nilikuwa nyuma yake.

"Yaya, mi niko huku," nikamjibu kaka.

 Dirishani hapakuwa na mtu. Alisema kuna jicho. Upande wa pili wa mtutu. Linamtazama. Halipepesi.

Niliogopa, sifichi. Nikampokonya mitutu, nikaiweka chini. Nilipogeuka, Mama Germaine hayupo. Aliacha bunduki, akaacha na kitenge chake. Bei hakuisubiri.

Jumatatu nikamwendea Ephraïm, seremala wa mtaa wa pili. Nilipotaja bunduki tu, akaweka randa chini. Akakiri kwamba hakumtuma mtu. Ukoo ulikaa mara tatu, na kila aliyetajwa alikataa, yeye akiwa wa kwanza. Akanionyesha picha ya Godefroid kwenye simu. Jicho la kulia lilikuwa limefumba, limedidimia. Na mjomba aliyemwachia Godefroid bunduki hiyo, akaniambia, naye alikuwa hivyo hivyo.

"Mwenye anatosha ile dawa na mukono yake, njo mupyani," akasema taratibu, hanitazami. "Tulikuwa tunatafuta muntu. Mutusamehe, mama."

Nilimtukana mbele ya wateja wake. Sijuti. Nikapita nyumbani kwa Mama Germaine, nikakuta mlango umefungwa kwa waya, na majirani hawajui alikoelekea, au wanajua na hawasemi.

Ijumaa Zakari aliamka jicho la kulia limezimika. Hospitali walimmulika, wakasema jicho ni zima, hawaoni ugonjwa. Bwana Laurent alikuja kuitaka bunduki kwa bei nzuri. Zakari akasema haiuzwi. Alikuwa ameipakata, na hakuiachia mpaka mgeni alipoondoka.

Jana aliniita nimtazame chini ya lile jicho, panamwasha. Nikaivuta ngozi kwa kidole gumba. Palikuwa na alama ndogo zilizozama, kama zimegongwa kwa chuma. Nne. Nne. Moja. Saba.

Sikumwambia. Lakini kidole chake kilishafika pale. Kikapapasa polepole, kama anavyopapasa bunduki za watu.

"Binafanana," akanong'ona.