Siku Tatu Nyuma ya Kaunta ya Mwahija

"Nimeshasema hapana, Muhidini. Nirudie mara ngapi?"

Mwahija hakunyanyua hata macho. Alikuwa anapima sukari robo, na wateja watatu wakisubiri mbele yake, wote wamejifanya wanaangalia sabuni.

"Mwahija, tuongee ndani basi."

"Ndani wapi? Hili ndilo duka lote. Sema hapahapa."

Muhidini akajifuta jasho. Alikuwa ametoka Shinyanga mjini asubuhi ileile na pikapu yake, roho safi kabisa, mfukoni ana picha za nyumba aliyokuwa anaimalizia. Wiki tatu zilikuwa zimebaki wafunge ndoa.

"Nimekujengea nyumba, mama. Vyumba vinne. Nina mafuso mawili barabarani. Mke wangu hawezi kusimama hapa Mhunze kutwa nzima anapimia watu chumvi. Watu watanielewaje?"

"Watu gani?"

"Watu. Ndugu. Mama yangu."

Hapo Mwahija akaweka kijiko chini. Mwanamke huyu alikuwa na miaka thelathini na mitatu, ameshaolewa na kuachika, na duka hili la vyakula alilianzisha na magunia mawili ya michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, na katoni moja ya viberiti.

"Kwa hiyo unataka nifunge."

"Nataka upumzike."

"Nimekuuliza, unataka nifunge?"

"Ndiyo," Muhidini akasema. "Funga duka, tuoane."

Mwahija akavua pete kidoleni, taratibu, akaiweka juu ya kaunta karibu na mizani.

"Basi tafuta mke anayependa kupumzika. Mimi nina wateja. Mama Neema, ulisema na mafuta ya kupima?"

Muhidini akaichukua pete yake akatoka kichwa chini. Alipowasha gari, fundi Luka wa cherehani, jirani wa duka, alimwangalia kwa huruma kama mtu anayeangalia msiba ukipita.

Siku tisa zikapita. Muhidini akatuma ujumbe, haukujibiwa. Akatuma mwingine: "Angalau niambie umeamkaje." Kimya. Mchana ghalani kwake anahesabu katoni za mafuta anakosea, anaanza upya, anakosea tena. Alimpenda yule mwanamke, hilo hakuwa na ubishi nalo. Alichoshindwa kuelewa ni kitu kimoja tu: kwa nini mtu ang'ang'anie kibanda cha bati wakati anapewa maisha?

Siku ya kumi, alfajiri, simu ikaita. Jina lilipotokea akakaa kitandani ghafla.

"Mwahija!"

"Mama ameanguka." Sauti ilikuwa imekauka. "Presha. Nipo naye hapa Shinyanga, hospitali. Wamesema atakaa siku tatu."

"Nakuja sasa hivi. Wodi gani?"

"Usije."

"Nisije vipi?"

"Hapa nipo mimi. Dukani hakuna mtu. Luka ana sare za shule nzima za kushona. Nimewapigia wote, wewe ndiye wa mwisho. Najua sina haki ya kukuomba. Funguo iko kwa Luka. Unafungua saa kumi na mbili."

"Mwahija, siku tatu duka likifungwa kuna nini? Watu si wataenda duka lingine?"

"Fungua. Utaniambia mwenyewe."

Akaenda. Njiani anajicheka. Yeye anayeshusha tani kumi za bidhaa kwa asubuhi moja, atashindwa kuuza viberiti?

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

"Nipe kama ya kila siku."

"Ya kila siku ni ipi, dada?"

Mama akamtazama kama aliyeulizwa jina la baba yake. "Wewe ni nani? Mwahija yuko wapi?"

Akaeleza. Baada yake akaja mwalimu Justa, hakununua kitu, akaacha funguo za nyumba.

"Dada wa kazi atapitia hapa saa nne. Mpe. Usimpe mtu mwingine."

"Nitamjuaje?"

"Mwahija anamjua," mwalimu akajibu, huyooo anaondoka.

Akaja bibi na pakiti ya dawa, anataka asomewe. Akaja dereva wa bajaji kuacha mzigo wa mtu wa Mwadui. Kisha akaja binti wa sekondari, akasimama pembeni muda mrefu mpaka wanaume wawili waliokuwa wananunua sigara wakaondoka.

"Naomba ile ya kwenye gazeti," akanong'ona, uso chini.

"Samaki?"

Binti akataka kulia. Muhidini akapiga simu haraka.

"Mwahija, kuna mtoto wa shule anataka kitu cha kwenye gazeti."

"Shelfu ya chini, nyuma ya unga. Ni pedi, nimezifunga moja moja. Mpe, usimwangalie, usiseme neno. Anakuja hapa kwa sababu kwingine wanamcheka."

Muhidini akampa huku anaangalia bati.

Kabla hajatulia akaingia mzee mwembamba na fimbo.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Makoye. Nusu mkate, na majani kidogo." Akakaa kwenye benchi, akapumzika, akauliza habari za mvua, habari za barabara, habari za mama yake Mwahija. Dakika ishirini kwa nusu mkate! Muhidini alikuwa karibu kumwambia apishe wengine, ila akajizuia.

"Nyumbani unakaa na nani, mzee?"

"Na kuku," mzee akacheka. "Binti yangu Violeth anapika chakula cha wachimbaji huko Bulyanhulu. Haya, kesho."

Mchana Muhidini akaandika ujumbe: "Hili ni duka au ofisi ya kata?"

Jibu la ujumbe likaja, la kwanza baada ya siku nyingi za kiu: "Umekula?"

Akalisoma neno hilo moja mara nne.

Siku ya pili aliamka na ujuzi. Ya kila siku ya Mama Neema alishaijua: unga kilo moja, dagaa, sabuni ya kipande. Mkate wa mzee Makoye akaukata mapema, akaufunga, akauweka kwenye kona ya kaunta. Saa moja asubuhi ikapita. Saa moja na nusu. Saa mbili na nusu foleni imefika barabarani, na ule mkate bado upo pale pale.

"Mzee Makoye hajapita leo?" akamuuliza mama wa mbele.

"Sijamwona. Labda amechelewa."

Akapiga simu huku anashika mizani kwa mkono mwingine.

"Mwahija, yule mzee wa fimbo huwa anachelewa?"

"Hajaja mpaka saa hizi?"

"Hajaja."

"Muhidini, funga duka."

"Foleni yote hii?"

"Funga nakwambia! Miaka sita hajawahi kupitisha saa moja na nusu. Nyumba yake ipo nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani. Kimbia!"

Muhidini hakukumbuka hata kuvaa viatu vizuri. Aliwaambia wateja maneno mawili tu, "Mzee Makoye", na hakuna aliyelalamika. Luka akatupa sare chini, akamfuata. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Wakagonga, wakaita, kuku wakajibu. Luka akausukuma kwa bega mara mbili ukaachia.

Mzee alikuwa sakafuni, upande mmoja wa mdomo umeshuka, jicho moja linawatazama.

"Yupo! Anapumua!" Luka akapiga kelele.

"Shika miguu. Polepole. Mzee, ni mimi, wa dukani. Umenisikia? Tunakwenda hospitali."

Luka akaendesha pikapu; mzee akashika kidole cha Muhidini, hakukiachia njia nzima. Daktari wa wilaya alipomaliza kumpima alitoka akiwa anavua glavu.

"Nani amemgundua?"

"Sisi wa dukani," Muhidini akajibu, na yeye mwenyewe akashangaa maneno yalivyomtoka.

"Ni kiharusi. Mngemwacha mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine. Atapona, kwa uwezo wa Mungu."

Muhidini akaenda nje ya jengo, akapiga simu kwa Mwahija.

"Yupo hai," akasema. "Mwahija... yupo hai."

Akasikia analia. Na yeye akageukia ukuta, mwanaume wa miaka thelathini na sita, machozi yanamtoka.

"Ningekufungisha wewe duka," akasema. "Ungelifunga, na yule mzee angekufa peke yake na kuku wake."

"Muhidini..."

"Ngoja nimalize. Nilidhani unauza chumvi. Nisamehe."

Mwahija akasema, "Rudi ukafungue. Bibi wa dawa hajui ya mchana ni ipi."

Siku ya tatu, saa nne kamili, gari dogo la abiria likasimama mbele ya duka, akashuka mama yake Muhidini, baibui jeusi, mkoba mkononi, sura ya kesi. Taarifa zilikuwa zimeshamfikia Shinyanga kwamba mwanawe anauza kwenye duka la mwanamke aliyemrudishia pete.

Alimkuta Muhidini ana unga mpaka kwenye nyusi.

"Muhidini!"

"Shikamoo mama. Karibu, kaa hapo kwenye benchi."

"Sikuja kukaa! Baba yako alikuachia jina mjini. Leo unapimia watu pumba? Mwanamke kakukataa mbele za watu, wewe unamfanyia kazi ya bure? Amekupa nini wewe?"

Luka akaacha kukanyaga cherehani.

"Mama," Muhidini akasema taratibu, "maneno ya kufunga duka yalianzia kwako, mimi nikayabeba kama yangu. Kosa ni langu, wala sikulaumu. Ila sitayabeba tena. Nikipata bahati akanikubali, nitamuoa na duka lake."

"Na mimi nikikataa?"

"Nitakuja kukuomba kila siku mpaka ukubali. Lakini kwingine sioi."

Mama alikuwa anafungua mdomo ajibu, na ndipo mwanamke mmoja mwenye vumbi la safari akaingia mbiombio.

"Muhidini ni nani hapa?"

"Mimi, dada."

Yule mwanamke akapiga magoti pale pale sakafuni, kama wanawake wa Kisukuma wanavyowasalimia wakubwa zao.

"Mimi Violeth, binti wa Makoye. Nilipigiwa simu jana mchana, nikatoka Bulyanhulu na bodaboda, nimetokea hospitali sasa hivi. Baba ameongea. Ameniambia, nenda dukani, nimeletwa na mtu wa dukani. Wabeja sana, baba. Asante sana."

"Simama dada, simama jamani. Mimi ni mshika nafasi tu. Shukuru mwenye duka."

Violeth akamgeukia yule mama wa baibui. "Wewe ndiye mama yake?"

Mama akasita. "Ndiye mimi."

Violeth akamshika mikono yote miwili, akaiweka usoni kwake, akalia. Mama wa mjini, aliyekuja na maneno ya kusomea kesi, akajikuta anamfuta mgeni machozi kwa ncha ya mtandio wake. Kisha akakaa kwenye benchi. Gari la kurudi Shinyanga lilikuwa mpaka saa nane, akakaa pale pale. Akaona funguo za mwalimu zinaachwa. Akaona bibi anasomewa dawa. Ikafika mahali akaanza kukunja magazeti ya kufungia pedi yeye mwenyewe, kimya kimya, bila kuambiwa.

Saa saba Mwahija akashuka kwenye gari na mama yake, amemshika mkono. Duka zima likalipuka.

"Mwenyewe huyooo!"

Macho yake yakaenda kwa Muhidini, yakaenda kwa yule mama anayekunja magazeti, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akainuka. "Mgonjwa amepata nafuu?"

"Alhamdulillah."

"Mkalishe hapa nilipo mimi, pana kivuli. Mwahija, niliyosema juu yako nilisema kabla sijaona. Leo nimeona. Huyu kijana wangu anajua kupenda ila kichwa kigumu, alikitoa kwangu. Kama bado una nafasi moyoni, mimi sina kizuizi."

Muhidini akatoka nyuma ya kaunta, unga wote mwilini.

"Sikuombi ufunge chochote," akasema mbele ya watu wote. "Naomba uniajiri. Na nikifaa, unioe."

"Weee! Anaolewa yeye!" Luka akapiga yowe, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwahija alicheka pia, mkono mdomoni. Alipouondoa macho yalikuwa yamejaa.

"Pete yangu unayo?"

Alikuwa nayo, kwenye mfuko wa shati. Vigelegele vilisikika mpaka stendi.

Ndoa ikafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Sheikh alipotuma mashahidi wamuulize bibi harusi mahari yake, walirudi wanabana kicheko.

"Amesema friji, sheikh. La kioo, milango miwili. Watoto wa Mhunze wapate maziwa yasiyochacha."

"Bwana harusi?"

"Nimekubali," Muhidini akajibu kabla swali halijaisha.

Saa kumi jioni fuso likaingia Mhunze linapiga honi, juu yake friji limesimama limefungwa kanga, limezungukwa na vijana wanaimba. Wanawake wakalitangulia kwa miguu, mama yake Muhidini mbele kabisa, anacheza ngoma za Kisukuma ambazo hakuna aliyejua anazijua. Mzee Makoye aliletwa na Violeth, akakalishwa kwenye kiti, mkono mmoja mzito, mwingine anapunga. Watu sita wakalishusha. Luka akachomeka waya. Taa ya ndani ikawaka, na Mhunze ikashangilia kama timu ya taifa imefunga goli.

Mwahija alikuwa amesimama na gauni lake, hina mpaka viwikoni. Mama Neema akajipenyeza kwenye umati.

"Dada Mwahija, samahani. Nyumbani chumvi imeisha. Leo unauza?"

Kabla hajajibu, Muhidini akavua koti la harusi, akampa mama yake alishike, akakunja mikono ya kanzu na kuingia nyuma ya kaunta.

"Leo nauza mimi," akasema. "Nusu kilo au kilo nzima?"