Betri ya Gathogo

Haya niliambiwa na rafiki yangu Njambi wa Langas, naye si mtu wa kutia chumvi. Mwaka wa 1987 mumewe, Gathogo, alichukuliwa na askari kwa maneno aliyoyasema mezani kwake, akinywa chai na marafiki. Akipandishwa Landrova alimwambia, "Betri ya pikipiki isife. Nikirudi nataka iwake kwa kiki moja."

Njambi aliitoa, akaiweka juu ya ubao, akawa anaiongeza maji. Kila mwezi Mwaniki, rafiki mkubwa wa Gathogo, aliipeleka mjini kuchajiwa.

Jioni moja ya mvua ya mawe Mwaniki aliirudisha.

"Shemeji, uza hii pikipiki. Huyo harudi."

"Nani amekwambia? Nipe betri, nikaifunge."

Waliingia stoo ilimokuwa pikipiki; kulikuwa giza, mabati yakinguruma. Ghafla yakanyamaza. Honi ya pikipiki ikalia mara mbili, vile Gathogo alivyozoea kumwita Mwaniki getini. Taa ya mbele ikawaka, ikammulika Mwaniki usoni.

Aliinua mkono kujikinga.

"Gathogo, nilikutaja wewe tu! Mkeo sikumtaja!"

Betri ilikuwa bado mikononi mwa Njambi.