Asubuhi Ambayo Chiriku Hakupanda Jabalini

Kila asubuhi ya likizo Chiriku alifungua dirisha la kibanda cha Shangazi, akafagia mchanga ulioletwa na upepo usiku, kisha akapanda ngazi za mawe hadi juu ya jabali kwenda kutazama bahari. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. "Mtoto huyu akinyamaza," baba yake alizoea kusema, "mpimeni homa."

Kibanda kilikuwa ukingoni mwa ufuo. Nje yake ulisimama ubao mweusi, na kila aliyekuja na bodi ya kutelezea mawimbini aliusoma kabla ya kulowesha hata kidole. Aliyeuandika ni Shangazi. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu hali ya bahari kwenye mwamba wa matumbawe uliojificha chini ya maji, mbele kidogo ya ufuo. Juu ya mwamba huo mawimbi yalijikunja vizuri kuliko mahali pengine popote. Maji yakiwa mengi na mawimbi madogo, hata wanafunzi waliweza kuteleza pale. Lakini maji yakipwa, kisha yakaja mawimbi makubwa, mwamba ule ulikwangua ngozi ya mtu kama tupa inavyokwangua chuma.

Shangazi hakuandika kwa kubahatisha. Jioni alisikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni, na ukutani alibandika jedwali la maji kujaa na kupwa. Hata hivyo, hakuamini kwamba hayo yanatosha. "Redio ina mdomo, haina macho," alisema. Lazima mtu apande jabalini aone mwenyewe. Zamani alipanda yeye, lakini tangu goti lake liteguke alitembea kwa mkongojo, na ngazi zile hakuziweza tena. Kwa hiyo mpwa wake akawa macho yake.

Chiriku aliporudi aliulizwa mambo yale yale. Upepo unatoka nchi kavu au baharini? Mawimbi yanamfika mtu magotini, kiunoni au kichwani? Na huko mbali, je, kuna mistari? Mistari ndiyo aliyoihofia Shangazi kuliko yote. Mawimbi makubwa yakiwa safarini huonekana kwa mbali kama mistari myeusi, mirefu, inayofuatana taratibu. Ukiwa juu ya jabali utaiona mapema. Ukiwa chini ufuoni utaiona ikiwa imeshafika.

Sasa kulikuwa na asubuhi moja ambayo Chiriku aliingoja kwa hamu. Kocha, aliyewafundisha watoto kuteleza kwenye mawimbi madogo ya upande wa mchanga, alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo atawapeleka mwambani kwa mara ya kwanza. Bodi zilikuwa za kugombania. Ya buluu ilikuwa nyepesi na ilikata maji kama kisu, na nyingine moja ilikuwa na kiraka, nzito kama mlango. Atakayewahi ndiye atakayechagua.

Siku ilipofika, manyunyu yalikuwa yakianguka na ngazi zilikuwa zinateleza. Chiriku alipanda mpaka kwenye kona, pale ukuta wa ngazi unapoishia. Kutoka hapo aliona maji ya ndani, karibu na ufuo, yametulia tuli. Mwamba haukuonekana, ulifichwa na bega la jabali. Kutoka chini akasikia mluzi. Aliujua. Ulikuwa wa Njugu, mtoto wa fundi cherehani, mvulana mdogo wa umbo lakini mwepesi kama panya. Alikuwa anaelekea kwenye stoo ya bodi.

"Jana bahari ilikuwa shwari," Chiriku alijiambia. "Juzi pia. Leo itakuwa na nini?" Akageuka akateremka mbio.

Shangazi alikuwa ameshasimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

"Haya, macho yangu. Upepo?"

"Hafifu, wa nchi kavu."

"Mawimbi?"

"Kiunoni, kama jana."

"Mistari ipo?"

Chiriku akatazama miguu yake yenye mchanga. "Hakuna, Shangazi."

"Una hakika? Redio imesema mawimbi makubwa yataingia jioni. Lakini wakati mwingine huwahi, kama mgeni mwenye njaa."

"Nina hakika."

Shangazi akaandika: *Mawimbi kiunoni. Upepo hafifu. Hakuna mistari. Maji yanaanza kupwa. Mtoke mwambani kabla ya saa nne.* Kisha akapandisha bendera ya kijani. Chiriku akakimbilia stooni, akaipata bodi ya buluu. Njugu alikuwa ameshajichukulia ya njano, fupi iliyolingana na umbo lake, na alikuwa akimcheka kwa kuchelewa.

Kocha aliusoma ubao kwa sauti ili wote wasikie, akawapanga watoto, wakaingia majini. Walilala kifudifudi juu ya bodi, wakapiga maji kwa mikono hadi kwenye mlango, yaani ule mwanya wenye kina kirefu ambapo mwamba umekatika na mawimbi hayavunjiki. Huo ndio uliokuwa njia ya kuingilia na kutokea. Walipopita, Kocha akawakalisha pembeni, mahali salama, akaanza kuwaita mmoja mmoja.

Wimbi la kwanza la Chiriku lilimbeba taratibu kama mtoto mgongoni. Alisimama, akateleza, akaanguka akicheka. Aliporudi kwenye foleni, koo lilikuwa limejaa maji ya chumvi na moyo umejaa furaha. Akaketi juu ya bodi yake, akageuza uso kuelekea bahari kuu.

Furaha yote ikamwishia pale pale. Mbali, mahali maji yanapokutana na mawingu, kulikuwa na mstari mweusi. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, na nyuma ya huo mwingine tena.

"Kocha!" akaita. "Turudi!"

"Kuna nini?"

"Naona mistari. Inakuja."

Kocha alitazama, lakini bodi yake ilikuwa bondeni kati ya mawimbi mawili, hakuona kitu. "Ukikaa chini hivi, hata kiwimbi kinaonekana mlima," akasema kwa upole. "Usiogope. Aliyetazama kutoka juu amesema hakuna mistari, na juu ndiko kunakoonekana vizuri. Haya, Njugu, jiandae!"

Chiriku akashika kingo za bodi yake. Kusema kweli mbele ya wenzake wote! Aliona jinsi watakavyomtazama. Kisha bodi yake ikainuka, ikainuka zaidi kuliko ilivyowahi kuinuka asubuhi ile, na maji yakavutwa kuelekea baharini kwa nguvu.

"Kocha, aliyetazama ni mimi!" akapiga kelele. "Na sikutazama! Sikufika juu. Nilimdanganya Shangazi!"

Kocha akamkazia macho. Hakuuliza swali la pili. Akapiga filimbi. "Wote mlangoni! Msiteleze wimbi lolote! Chiriku, hesabu wenzako, uwe wa mwisho kupita!"

Watoto wakageuza bodi zao wakapiga maji kwa nguvu zao zote. Lakini Njugu alikuwa ameshaitwa, ameshageuka, na masikio yake yalikuwa yamejaa mlio wa wimbi. Hakusikia filimbi. Alisimama juu ya bodi ya njano, na chini yake wimbi likaanza kukua. Mbele yake maji yaliondoka mwambani mpaka matumbawe ya kahawia yakachungulia. Wimbi likajipinda, likavunjika. Bodi ya njano ikarushwa juu ikiwa vipande viwili.

Chiriku alitaka kurudi. Akakumbuka alichoambiwa, akawasukuma wenzake mlangoni mmoja baada ya mwingine, huku machozi yakichanganyika na maji ya bahari. Kocha alingoja wimbi lipite, akaingia kwenye povu. Alizama, akaibuka mikono mitupu, akazama tena. Alipoibuka mara ya pili alikuwa amemshika Njugu kwapani, na Njugu alikuwa anakohoa. Mtu anayekohoa anapumua.

Ufuoni Shangazi alikuwa ameshaona povu jeupe mwambani. Bendera nyekundu ilikuwa juu, na mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini bila mkongojo. Njugu alikuwa na jeraha refu pajani. Shangazi akaliosha kwa maji safi, akalifunga kwa kitambaa, akalikandamiza ili damu isimame, na fundi bomba aliyekuwa akipita na gari lake akawapeleka zahanati. Muuguzi akaondoa vipande vya matumbawe na kulishona jeraha. "Atatembea," alisema, "ila bahari aisahau kwa muda."

Mama Njugu alifika kibandani akitoka zahanati, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni. Kocha na watoto walikuwa bado pale.

"Dada," alimwambia Shangazi, "mimi ubao wako niliusoma asubuhi nikipita. Bendera ilikuwa ya kijani. Ndiyo maana nikamwacha mwanangu aende. Ulituandikia nini?"

"Una haki ya kuuliza," Shangazi akajibu. "Ubao ni wangu na chaki ni yangu. Kosa ni langu. Mguu huu umenishinda. Labda sasa kazi hii apewe mwenye miguu mizima."

Chiriku akamtazama Kocha. Alingoja aseme, kwa maana Kocha alijua. Lakini Kocha alikuwa anakunja kamba ya bodi polepole, kana kwamba kamba ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote duniani. Wenzake nao walitazama mchanga. Ndipo Chiriku alipoelewa kwamba hakuna atakayemsemea.

Akapiga moyo konde, akasogea mbele. "Mama Njugu, kosa si la Shangazi. Mimi ndiye niliyetumwa jabalini. Niliishia njiani kwa sababu nilitaka kuwahi bodi nzuri. Shangazi aliniuliza mara mbili, nikamdanganya mara mbili. Naomba msamaha."

Mama Njugu akaushika utepe wake wa kupimia. "Mimi nikishona nguo vibaya, naifumua nashona upya," akasema. "Mguu wa mtoto haufumuliwi." Akaondoka bila kusema kwamba amesamehe.

Maneno yale yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Jioni aliketi na Shangazi kwenye kizingiti cha kibanda.

"Unajua kilichoniuma?" Shangazi akaanza. "Si kwamba hukupanda. Kulikuwa na mvua, ngazi zilikuwa zinateleza. Hata mimi, enzi za goti zima, ningesita. Kilichoniuma ni kwamba hukuniambia. Ungesema, 'Shangazi, sikufika juu,' ningeandika 'Hatujui, tusubiri,' na watu wangesubiri. Basi. Hakuna ambaye angekuchapa."

"Nilidhani 'sikuona' si jibu."

"Ni jibu, tena jibu zuri. Kule majini ulisema kweli kwa kuchelewa, lakini kulikuwa bado na watoto wa kuokoa, na uliwaokoa. Hilo nalo nimeliona. Kesho utakwenda kwa Mama Njugu, umsaidie kazi mpaka mwanawe asimame."

Chiriku alikwenda. Aliteka maji, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akaosha vyombo. Mama Njugu alimpa kazi bila maneno mengi. Njugu, aliyelala kitandani mguu ukiwa juu ya mto, ndiye aliyemwita karibu.

"Nimechoka kutazama dari," akasema. "Kaa hapa unisimulie hadithi bila kukoma. Hiyo ndiyo adhabu yako."

"Adhabu yangu?" Chiriku akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Hiyo ni yako!"

Kutoka kwenye cherehani alisikia Mama Njugu naye akicheka kidogo, kisha akaongeza, "Mkimaliza hadithi, kuna chai."

Wiki ya mwisho ya likizo iliingia na mvua kubwa. Asubuhi moja Chiriku alipanda ngazi akishika ukuta, kisha mawe, hatua kwa hatua, mpaka juu kabisa. Mbele yake palikuwa na pazia la kijivu tu. Alingoja mpaka meno yakaanza kugongana, pazia halikufunguka. Akateremka.

"Shangazi, nimefika juu. Upepo unatoka baharini. Mwamba sikuuona, na mistari sijui kama ipo."

Shangazi akapandisha bendera ya njano, akaandika: *Haijulikani. Tusubiri.*

Kijana mmoja mwenye bodi mpya, aliyetoka mbali, akausoma ubao na kukunja uso. "Haijulikani? Sasa ubao gani huo unaosema haujui?"

"Ubao unaosema kweli, kaka," Shangazi akamjibu. Kisha akawageukia Chiriku na watoto wengine waliojibanza chini ya paa. "Nanyi sikieni. Mtu akikutuma kuona, anakukabidhi uhai wa watu. Ukiona, sema ulichoona. Usipoona, sema hukuona. Hakuna aibu katika 'sijui'. Aibu, na hatari, ni kujaza nafasi ya 'sijui' kwa uongo, maana kuna mtu atauamini na kuingia majini."

Yule kijana akaitazama mvua, akautazama ubao, mwishowe akaegemeza bodi yake ukutani na kuketi kwenye benchi pamoja na watoto.

Mvua ilipopungua, Chiriku akakamua nguo yake, akapanda tena.